Atakayekaa Nyuma

Tarehe 4 Machi

Kaka,

Huku wazima, watoto wanasoma, mume wangu yuko barabarani kama kawaida.

Naandika barua kama mtu wa zamani kwa sababu simu yako nimeipiga mpaka kidole kimechoka. Ama haipokelewi, ama anapokea wifi na kuniambia umetoka, na nyuma yake nasikia nyundo yako inagonga. Sawa. Shemeji yako anapita hapo kwenu na lori kila wiki. Atakuletea hii, na jibu mpe yeye akirudi.

Ni habari ya mto. Tumemzika mama, miezi inakatika, na alichokuambia hatujakifanya. Tusidanganyane, mimi na wewe hatukuwa tunasemeshana mpaka mama alipolazwa. Tangu siku ile mtumbwi ulipopinduka kwenye maporomoko yale ya Kinu sijashika kasia. Lakini mama alikuvuta shati wewe, si mimi, akakunong'oneza, na ukatoka pale kwenye korido ukatuambia: anataka wanawe wawili wapatane, washuke mto pamoja kama zamani. Nani atabishana na marehemu?

Basi tushuke. Mvua zikiisha, mto upungue kidogo, mwezi wa sita nachukua likizo. Sharti langu ni moja tu. Mimi nakaa mbele, wewe nyuma, kama tulivyokuwa. Wa mbele anayaona maji, anaita. Wa nyuma haoni kitu ila mgongo wa mwenzake, anafuata anachoambiwa. Nikisema kushoto iwe kushoto. Na nikikosea, nikikosea kweli, uniambie hapo hapo majini, usingoje tufike ukingoni mbele za watu.

Mdogo wako,
mwalimu wa udereva (nasikia huko bado mnacheka)


Tarehe 13 Machi

Mdogo wangu,

Barua nimeipata. Simu ina matatizo, usiniwekee moyoni. Hapa karakana mtandao unakuja na kuondoka kama mgeni asiye na haya.

Mwezi wa sita ni sawa. Mtumbwi nimeutoa darini. Ule wa mpira wa watu wawili, wenyewe. Panya wameuonja ubavuni lakini kiraka kitashika, nimekwisha kusugua pale na msasa, nangoja gundi nzuri, siyo hii ya viatu. Makasia mazima. Majaketi ya kuelea mawili yamechoka, nitaazima kwa Kobe. Kobe bado yupo, bado anafundisha wageni kupiga kasia kwenye maji ya chini, bado anachelewa kila mahali.

Nina wazo moja. Nimefikiri, badala ya kuitana kwa mdomo, tutumie ishara. Ukitaka kushoto unanyoosha kasia kushoto, ukitaka kulia unanyoosha kulia. Siku hizi wengi wanafanya hivyo. Kinu kina kelele, unajua mwenyewe.

Wifi yako anasalimu sana.

Kaka yako


Tarehe 21 Machi

Kaka,

Nani hao wengi wanaofanya hivyo? Wana mikono mingapi?

Ndani ya Kinu, pale maji yanapoponda kama mchi, unataka nilitoe kasia majini nilinyooshe kama polisi wa barabarani? Hiyo sekunde nisiyopiga ndiyo tunayopinduka. Uliyenifundisha hilo ni wewe. Ulikuwa unasema, "Mdomo hauna kazi, uupe kazi."

Nimelisoma wazo lako mara mbili nikaelewa. Hutaki ishara. Hutaki kunisikia nikiita, kwa sababu unaamini sijui kushoto kwangu. Basi sema hivyo, tuko watu wazima.

Na jambo jingine. Shemeji yako anasema alipokuletea barua alisimamisha lori nyuma yako, akapiga honi mpaka watu wakatoka madukani, wewe umeinamia chuma chako hata hukugeuka. Akashuka, akakugusa bega, ukaruka kama umeshikwa na mwizi. Yeye anacheka, mimi sicheki. Kama una kinyongo nami, mume wangu amekukosea nini?

Sikio la kufa halisikii dawa, kaka. Mama katuachia dawa. Tuinywe.

Mdogo wako


Tarehe 2 Aprili

Mdogo wangu,

Sina kinyongo na shemeji. Mwambie pole. Nilikuwa nachomelea, mtu akichomelea anazama.

Ishara tuziache. Ila nilikwenda kuutazama mto Jumapili, na Kinu kimebadilika. Kuna gogo limekaa upande wa juu. Nashauri tukifika pale tutoke, tuubebe mtumbwi kwa njia ya miguu, tuingie tena chini yake. Si mwendo mrefu. Sehemu iliyobaki ni nzuri tu, hata mtoto anaita.

Kiraka kimeshika. Nimeujaza upepo, umelala ndani usiku kucha haujalegea.

Kaka yako


Tarehe 11 Aprili

Kaka,

Nimemuuliza Kobe habari ya gogo. Yeye simu yake inapokelewa. Anasema hakuna gogo. Halafu akaniuliza, kwa upole wake ule wa kuchinja, kama siku hizi nimejifunza kulia na kushoto, maana isije ikawa nawapeleka wanafunzi wangu mtaroni.

Nikuambie kitu ambacho sijawahi kukuambia. Siku ile tulipopinduka, wewe ulipotoka majini ukakaa juu ya jiwe, watu wamekuzunguka, ukasema, "Kaita kulia." Mimi nilikuwa bado natapika maji. Nilijua niliita kushoto. Lakini wewe ni kaka yangu, mzoefu wa mto ule kuliko wote, na ulisema bila kusita. Nikaanza kujiuliza. Nikaacha kazi ya mtoni, nani ataingia mtumbwini na mtu aliyempindua kaka yake? Nikaenda kufundisha udereva, na mpaka leo, kaka, mpaka leo kabla sijamwambia mwanafunzi akate kona, nauangalia kwanza mkono wenye saa. Wananiona. Wanadhani ni madaha.

Mimi siji kuzunguka Kinu kwa miguu. Nakuja kukipita, niite pale pale, nijue. Kama huwezi kukaa nyuma yangu, sema sasa.

Mdogo wako


Tarehe 30 Aprili

Mdogo wangu,

Lori limepita hapa mara mbili nikamwambia shemeji sina barua. Nilikuwa nayo. Nilikuwa naandika na kuchana. Mimi shule yangu unaijua iliishia wapi, ila leo siyo maneno yanayonishinda.

Ulisema kushoto.

Sikusema uongo nikijua ulisema nini. Nilisema uongo kwa sababu sikujua. Sikusikia chochote. Niliona bega lako limegeuka na shingo imekaza, nikajua umeita, sikujua umeita nini. Nikabahatisha. Nikaenda kulia. Unajua kilichofuata.

Masikio yangu yamekufa, mdogo wangu. Siyo yote, siyo siku moja. Ni grainda na nyundo, miaka yote hiyo ndani ya karakana ya bati, na mimi najiona dume, pamba za masikioni ni za waoga. Yalianza kwa kupiga mluzi ndani, kama birika la mbali. Kisha sauti za wanawake zikaanza kupotea, kisha za watoto. Siku ile ya Kinu nilikuwa nasikia mtu akisimama mbele yangu na kuongea. Nyuma ya mtu, kwenye maji, sikusikia kitu. Nilijua kabla hatujaingia mtumbwini. Nikasema njia naijua, mto naujua, nitafuata mgongo wake tu.

Ulipotoka unatapika maji, watu wakauliza kumetokea nini. Ningesema sikusikia, ningekuwa nimekwisha. Nani anamwajiri kiziwi akae nyuma? Basi neno likanitoka. Na likishatoka likapata miguu. Kobe akalifanya mchezo, na mimi nikacheka naye. Hilo la kucheka ndilo linaniuma kuliko kupinduka.

Sasa hata ana kwa ana nasoma midomo. Simu siwezi kabisa, ndiyo maana anapokea wifi yako, na usimlaumu, mimi ndiye niliyemtuma uongo. Shemeji alipopiga honi sikusikia. Gogo hakuna. Ishara za mikono ni ujanja wa kiziwi.

Nilidhani tungeweza kushuka bila wewe kujua. Kisha ukaandika habari ya mkono wenye saa.

Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa tayari kukuchukua twende wote kwenye hicho kifo ili nisiumbuke. Siwezi kukaa nyuma yako. Si kwa sababu hujui kushoto.

Naomba radhi. Sijui inaombwaje kwa jambo la namna hii, kwa hiyo nimeliandika tu.

Kaka yako


Tarehe 9 Mei

Kaka,

Shemeji yako alinikuta jikoni nimekaa chini na barua mkononi, akadhani kuna msiba. Nikamwambia hapana, umekwisha mmoja.

Nina hasira, nisikufiche. Nilitaka kuja hapo siku ile ile nikupigie kelele, halafu nikakumbuka hutasikia, nikacheka peke yangu kama mwehu. Asubuhi yake nikaingia kwenye gari na mwanafunzi mmoja mama mtu mzima, mwoga kama kuku. Tukafika njia panda, nikamwambia, "Kushoto." Sikuangalia saa. Akakata kushoto, akaniambia, "Mwalimu, leo umesema kama hakimu."

Basi haya ndiyo mambo. Safari ipo pale pale. Mimi mbele. Nyuma akae Kobe.

Najua. Lakini hakuna mwingine hapo anayekijua Kinu, na ndiye aliyenicheka kwa sauti kubwa kuliko wote. Nataka akae nyuma ya mgongo wangu na afanye ninachomwambia. Yeye kwa akili zake hatakubali. Kwa hiyo wewe utakwenda kumweleza kwa nini akubali. Mimi simwambii neno. Hiyo ni kazi yako.

Angalau mama alijua alichokifanya. Alijua una jambo, akakushika wewe shati siyo mimi. Pumzi yake ya mwisho ndiyo iliyokufungua mdomo. Nikilifikiri hilo hasira inapungua.

Mdogo wako


Tarehe 17 Mei

Mdogo wangu,

Kwa Kobe nimekwenda. Nilimkuta anakunja kamba. Nikamwambia asogee dirishani niuone mdomo wake, akasema, "Umeanza kunipenda lini?" Nikamwambia unataka akae nyuma yako ndani ya Kinu. Akacheka, akasema bora apande punda akiwa amefungwa macho.

Nikamwambia.

Akasema rudia. Nikarudia. Akasema, "Kwa hiyo yule dada tumemcheka bure." Nikasema ndiyo. "Na wewe ulikuwa unacheka na sisi." Nikasema ndiyo. Akaivaa kofia yake akaondoka, kaniacha ndani ya nyumba yake mwenyewe. Nikakaa. Nikafunga mlango wake nikaenda zangu. Kesho yake kaja karakana, hakunisalimu, akasema, "Mwambie nitakaa. Na wale wengine nitawaambia mwenyewe, wewe huwezi kusimulia." Ndiyo hivyo. Majaketi atakuja nayo.

Sasa lingine. Barua yako niliisoma mpaka mwisho, pale ulipomtaja mama, nikashindwa kula. Ningeweza kunyamaza. Wewe umeshaanza kupoa, na mimi nimekwisha kusema mengi. Lakini nimeona nikiliacha hili, yale mengine yote niliyokuandikia yatakuwa nayo ni ujanja.

Mama alinivuta shati, kweli. Akaniinamisha, akaweka mdomo kwenye sikio la kulia, ndilo lililokufa zaidi. Uso wake nikawa siuoni. Niliisikia pumzi, ya moto, shingoni. Aliongea. Siyo neno moja, aliongea kwa muda. Nesi alikuwa amesimama upande wa pili ananitazama. Ningesema tu, mama, sikusikii, rudia nikuone. Neno dogo hilo. Nikaona aibu kwa nesi nisiyemjua hata jina. Nikasema, "Ndiyo, mama." Akaniachia shati. Alionekana ameridhika. Hakusema tena.

Nikatoka kwenye korido, shangazi na watu wote, "Amesemaje? Amesemaje?" Wewe ulikuwa umesimama mbali, pale kwenye bomba la maji, umenipa mgongo. Nikasema nilichokitaka mimi.

Mambo ya kupatana na mto ni yangu. Alichosema mama sikijui.

Kaka yako


Tarehe 14 Juni

Kaka,

Shemeji yako amekuja hapo mara kadhaa bila kitu mkononi, na wewe hukumuuliza. Umefanya vizuri.

Lile la Kinu nilijua la kulifanya. Hili sijui. Lile lilikuwa langu, nililipoteza, umenirudishia. Hili la mama hunirudishii. Alikuwa na pumzi za kuhesabu, akazitumia kwenye sikio lako, nawe ukaitikia ndiyo. Huenda aliomba maji. Huenda aliuliza mlango wa nyuma umefungwa. Huenda alinitaja. Naamka asubuhi najaribu kumtungia maneno, halafu naona nafanya kama wewe, naacha.

Sikusamehe bado. Usiniulize lini.

Mtoni naja. Siji kwa sababu mama kasema, maana hakusema, au tuseme hatujui. Naja kwa sababu nataka. Likizo nimepata, wiki ya mwisho ya mwezi huu.

Nimeongea na Kobe. Chini ya Kinu, upande wa kulia, kuna jiwe bapa ambalo zamani ulikuwa unatuweka sisi wapya. Mtu anasimama hapo na kamba ya kurushia, mtumbwi ukipinduka anamrushia aliyemo majini kabla mto haujampeleka. Kazi hiyo haitaki masikio. Inataka macho na mkono usiotetemeka. Wewe utasimama hapo.

Ukiona ni ndogo, mwambie Kobe mapema atafute mtu.

Mdogo wako


Tarehe 19 Juni

Mdogo wangu,

Si ndogo. Nitasimama.

Kila jioni nikifunga karakana nafanya mazoezi uwanjani. Wifi yako anakaa kwenye kiti kule mwisho, mimi namrushia kamba. Mara ya kwanza nikampiga nayo kichwani, akaniambia mengi, bahati nzuri alikuwa amegeuka.

Kaka yako


Tarehe 8 Julai

Mdogo wangu,

Ulipokuwa hapa hatukuongea. Watu walikuwa wengi, na midomo mingi kwa pamoja siwezi kuifuata. Na sijui kama ulitaka. Kwa hiyo naandika.

Nilifika kwenye jiwe mapema kabla hamjaingia majini kule juu. Kamba niliikunja upya mara nyingi. Mto ulikuwa unapita chini ya miguu yangu na mimi nausikia kwenye nyayo tu. Nikawaza, huyu akizama leo sitamsikia akiita. Basi nikaacha kupepesa macho.

Mkatokea. Kobe kakaa nyuma kama mtu aliyepelekwa mahakamani. Mlipofika mdomoni mwa Kinu, pale pale, nikaona mdomo wako umefunguka. Niko mbali, maji yanaruka, lakini neno lile nimelijua, nimeliwaza miaka yote hii. Kushoto. Na Kobe akabana kasia, na mtumbwi ukaenda kushoto kabla maji hayajawaamulia. Kisha ukaita tena, na tena. Sikuona ukiangalia mkono.

Kamba sikuirusha. Mlinipita mkiwa mmelowa mpaka kwenye meno, na wewe hukunitazama, ulikuwa unatazama maji ya mbele, ndivyo inavyotakiwa. Nilikaa chini kwenye jiwe.

Kobe amewaambia wote. Wengine wamekuja karakana kuniangalia kama mnyama aliyeletwa mjini. Mmoja aliuliza kama sasa atanidanganya bei. Fundi wa masikio hospitalini amenipima. Sikio la kulia basi, la kushoto anasema kifaa kitasaidia kidogo, nitasikia mlango na mbwa, pengine na watu. Tumepanga siku.

Msamaha siuulizi. Umesema nisiulize.

Jana shangazi kapita. Anaipenda ile hadithi ya mama, huwa ananiomba nimsimulie tena, na mimi nilikuwa nasimulia, kila mara naongeza kidogo. Jana akavuta kigoda, akasema, "Hebu niambie tena, siku ile mama yako alikuambia nini?" Nikazima mashine. Nikavua miwani ya kuchomelea nimwone vizuri. Nikamwambia, shangazi, mama aliniambia jambo, na mimi sikusikia.

Kaka yako